Tuko wanane na sikukuu imekaribia: tutokeje mjini bila kununiana?

Msomaji ameuliza:

"Sisi ni marafiki wanane, tunajuana tangu shuleni. Kila sikukuu tunatoka pamoja kwenda mjini. Tunazunguka kutwa kuangalia mataa na mapambo, tunakula mahali, usiku tunasubiri fataki, ndipo kila mtu anarudi kwake. Mwaka jana ilikuwa karaha tupu. Tulichelewa kuanza kwa sababu ya kusubiriana, mwenzetu mmoja alipotea kwenye umati na simu hazikupatikana, na bili ilipoletwa tuligawa sawasawa, akanuna yule aliyeagiza kidogo. Sasa mmoja wetu ameachishwa kazi na anasema mwaka huu hatakuja kwa kuwa ana shughuli. Kupanga nimeachiwa mimi. Tuendelee au tuache? Na tukiendelea, nipangeje?"

Jibu:

Endeleeni. Nalisema hilo mwanzo kwa sababu naona swali lako limebeba uchovu, na mtu aliyechoka huona kuacha ni nafuu. Marafiki wanane waliodumu tangu shuleni ni hazina, na siku moja kwa mwaka ya kuwa pamoja nje ya nyumba na kazi inastahili kutetewa. Yote uliyoyataja yanatibika, na mengi yanatibika kabla hamjavaa viatu.

Kwanza uelewe kwa nini karaha ya mwaka jana iliwauma kiasi hicho. Mwaka 2014 Erica Boothby na wenzake wa Chuo Kikuu cha Yale walichapisha majaribio mepesi sana: mtu anaonja chokoleti wakati mwenzake aliye naye chumbani anaionja pia, au wakati mwenzake anafanya jambo jingine. Hawazungumzi. Chokoleti ile ile ilionekana tamu zaidi ilipoonjwa kwa pamoja. Walipotumia chokoleti chungu isiyopendeza, nayo ikaonekana mbaya zaidi ilipoonjwa kwa pamoja. Kushiriki jambo hulikuza, liwe zuri au baya. Ndiyo maana fataki zinasisimua zaidi mkiwa wanane, na ndiyo maana saa moja ya kusubiri mkiwa wanane inachosha kuliko saa moja ya kusubiri peke yako. Penye wengi pana mengi, wahenga walilijua hilo bila maabara.

Kwa hiyo usihangaike kuijaza siku mambo mazuri. Hangaika kuondoa yale machache yanayoharibu. Ninaowaona wakirudi na furaha ni wale wanaokubaliana mambo manne tu kwa uthabiti, yaani saa ya kuondoka, kiasi cha pesa, mahali pa kukutana mkipoteana na namna ya kumaliza. Mengine yote wanayaacha huru. Hayo manne ni vigingi. Kamba ikifungwa vizuri kwenye kigingi, mtu anaweza kuzunguka atakavyo.

Sasa kabla ya vigingi, kuna kuulizana. Wengi hapa hukosea kwa nia njema: mtu mmoja anatupa wazo kwenye kundi la simu, wawili wanajibu kwa kidole gumba, waliobaki wananyamaza, na ukimya unahesabiwa kuwa ni ndiyo. Jerry Harvey, mwalimu wa masuala ya uongozi nchini Marekani, aliandika mwaka 1974 kisa cha familia yake iliyokuwa imetulia barazani Texas, joto kali, wanacheza domino. Baba mkwe akapendekeza waende kula Abilene, zaidi ya kilomita 80 kutoka hapo, kwa gari lisilo na kipoza hewa. Kila mmoja akasema sawa. Wakaenda, wakala chakula kibaya, wakarudi wamejaa vumbi na jasho. Jioni ndipo ikagundulika kwamba hakuna hata mmoja aliyetaka kwenda, hata aliyetoa wazo. Alipendekeza kwa kudhani wenzake wamechoka kukaa.

Mtoko wa sikukuu ndio hasa unaozaa safari za namna hiyo, kwa sababu hakuna anayetaka kuonekana anaharibu desturi. Basi usiulize kundini. Mpigie kila mmoja, au mwandikie peke yake, umuulize mambo mawili: ni kitu gani kimoja kisipokuwepo ataona sikukuu haijawa sikukuu, na ni kitu gani ambacho huwa anavumilia tu kwa ajili ya wengine. Swali la pili ndilo lenye dhahabu. Usishangae ukigundua wanne kati yenu wamekuwa wakivumilia jambo lile lile miaka yote, kila mmoja akidhani wenzake wanalipenda. Kwenye simu hiyo hiyo muulize kiasi anachoweza kutumia siku ile bila kujibana, na umwahidi kwamba jibu lake litabaki kwako.

Nikae kidogo hapo kwenye pesa, maana naamini ndiyo shina la barua yako.

Bili kwanza. Mwaka 2004 wachumi Uri Gneezy, Ernan Haruvy na Hadas Yafe walichapisha utafiti walioufanya katika mkahawa huko Israeli. Watu walikaa sita sita mezani. Meza nyingine ziliambiwa kila mtu atalipa alichoagiza, nyingine zikaambiwa bili itagawanywa sawa. Waliojua bili itagawanywa waliagiza zaidi. Hawakuwa walafi. Hesabu yenyewe inasukuma: mkiwa sita na kugawa sawa, kila nyongeza unayoagiza unailipia sehemu moja tu ya sita, na wenzako wanailipia tano. Na walipoulizwa kabla ya kuanza ni utaratibu gani wanaupenda, wengi wao walichagua kila mtu alipe chake. Kwa maneno mengine, watu hugawa sawa kwa kuona haya kusema vinginevyo, ilhali mioyoni wanapenda jingine. Mwenzenu aliyenuna alikuwa na haki, na nina hakika hakuwa peke yake.

Tiba yake ni kusema mapema, si wakati bili imeshatua mezani. Kabla hamjaketi, mwambie mhudumu mnataka bili mbalimbali. Kama mahali penyewe hapafanyi hivyo, kila mmoja aandike bei ya alichoagiza kwenye simu yake anapoagiza. Vile vinavyotumiwa na wote, kama nauli ya pamoja au kiingilio, viwekeeni mfuko mmoja mnaochanga kabla ya siku yenyewe, akabidhiwe mtu mmoja asiyekuwa wewe. Kiasi cha mchango kipimwe kwa jibu dogo kuliko yote uliyopewa, usichukue wastani. Ukichukua wastani, huenda nusu ya watu umewazidi uwezo, na wanaozidiwa uwezo hawasemi.

Hapo ndipo tunafika kwa mwenzenu aliyeachishwa kazi. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, na mara nyingi marafiki wenye kipato hudhani rafiki asiye nacho ameogopa gharama fulani wanayoijua wao. Anachoogopa zaidi ni gharama asiyoijua. Akikubali kuja, atakuwa na kiasi fulani mfukoni, na siku nzima atakuwa akihesabu moyoni: je, baada ya hapa tunaingia wapi, nani atapendekeza nini, nitatokaje bila kuonekana? Mtu hawezi kufurahia mataa akiwa katika hesabu hiyo. "Nina shughuli" ni njia ya heshima ya kuikwepa.

Usimwambie kundini kwamba mtamlipia. Hata kwa upendo, mbele ya watu saba inageuka tangazo. Fanya mambo mawili. La kwanza, badilisha mtoko wenyewe ili kiini chake kisiwe na gharama. Fikiria ni nini hasa mnakwenda kuona: mataa, mapambo, watu waliovaa vizuri, muziki wa uwanjani, fataki. Karibu vyote hivyo viko barabarani na havina kiingilio. Kilichokuwa kikiwagharimu ni kukaa na kula, na hicho kinaweza kuwa kidogo, au kila mmoja akala kwake kabla ya kutoka. Ukiwauliza faraghani kama nilivyosema, utawaona hata wenye pesa wakishukuru.

La pili, mpigie yeye mwenyewe kwa sauti, usimwandikie, umweleze siku itakavyokuwa kuanzia mwanzo hadi mwisho na jumla ya gharama, hadi shilingi ya mwisho, kisha umwambie unamtaka yeye awepo. Usitaje kazi asipoitaja. Kama kuna mmoja wenu mwenye ukaribu wa pekee naye na anataka kumsaidia nauli, afanye hivyo kimyakimya, siku kadhaa kabla, na wengine wasijue kabisa. Akikataa mara ya pili baada ya kuelezwa yote, mwache bila kumsukuma. Tafuteni saa moja siku nyingine mwende mumtembelee. Kuna majira ambayo mtu hana nguvu ya kuwa kwenye furaha ya wengi, na hilo linahitaji kuheshimiwa.

Kuchelewa ni jambo jepesi zaidi, ingawa ndilo linalozaa kelele nyingi. Hesabu itakusaidia kupunguza lawama. Tuseme kila mmoja wenu ni mtu makini, anayefika kwa wakati mara 9 kati ya 10. Uwezekano wa wote wanane kufika kwa wakati siku moja ni asilimia 43 tu. Yaani hata kundi la watu makini litachelewa zaidi ya nusu ya mara zote, na siku ya sikukuu, barabara zikiwa zimefungwa na vyombo vya usafiri vimejaa, hakuna anayefikia hiyo 9 kati ya 10. Basi acheni kupanga mpango unaodai wote wawepo ndipo uanze. Wekeni saa ya kuondoka, wala isiwe saa ya kukutana. Kukutana kuwe nusu saa kabla, mahali penye viti na kivuli ili anayewahi asiadhibiwe kwa kuwahi. Saa ikifika mnaondoka na mliopo. Aliyechelewa anajua kituo cha pili na saa yake, anawakuta huko, na hakuna maneno.

Kutembea mkiwa wanane nako kuna siri yake. Mwanasaikolojia Robin Dunbar na wenzake walichapisha mwaka 1995 utafiti wa mazungumzo ya watu waliokaa kwa hiari yao, wakaona kundi moja la mazungumzo likizidi watu wanne hupasuka lenyewe. Huwezi kuwa na mazungumzo mamoja ya watu wanane isipokuwa mmoja ahutubie. Watafiti wengine walirekodi watembea kwa miguu Toulouse, Ufaransa, wakachapisha matokeo mwaka 2010: marafiki wakiwa na nafasi hutembea bega kwa bega, nafasi ikipungua hujikunja, wa katikati akibaki nyuma kidogo ili waendelee kuonana nyuso na kuongea, japo mkao huo unapunguza mwendo wa wote barabarani. Watu wako radhi kwenda polepole kuliko kukatiza maongezi. Nadhani hilo linaonyesha kile hasa mtu anachokifuata mjini na rafiki zake.

Kwa hiyo msilazimishane kuwa kamba moja ya watu wanane. Gawanyikeni wanne wanne, kila kundi lizurure litakako, mkutane kwenye vituo mlivyopanga. Badilisheni makundi mnapokutana, ili siku isiishe watu wawili hawajasemezana. Na kila kundi limjue aliye na mwendo mfupi, awe mjamzito, mwenye goti bovu au mwenye mtoto mgongoni, na ndiye aweke kasi.

Kupoteana: simu hazikupatikana mwaka jana kwa sababu inayoeleweka. Mnara mmoja wa simu una nafasi ya mawasiliano yenye kikomo, na maelfu wakisimama mahali pamoja, wote wakipiga na kutuma video dakika ile ile fataki zinapoanza, nafasi inajaa. Ujumbe mfupi wa maandishi hupenya mara nyingi pale sauti inaposhindwa, kwa kuwa unahitaji nafasi ndogo na unaweza kusubiri zamu yake. Andika ujumbe, kisha tulia. Usiendelee kupiga ukamaliza chaji.

Ila mpango usitegemee simu. Mchumi Thomas Schelling, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 2005, aliwahi kuwauliza watu swali hili: unatakiwa kukutana na mtu New York, hamkuambiana mahali wala saa, na hamwezi kuwasiliana. Utakwenda wapi, saa ngapi? Wengi walichagua stesheni ya Grand Central, na karibu wote wakasema saa sita kamili mchana. Watu wana kipaji cha kudhani wenzao watadhani nini. Lakini kipaji hicho usikitegemee siku ya sikukuu, kwa sababu mahali panapomjia kila mtu akilini pamemjia pia kila mgeni wa mji mzima, na ndipo umati unapokuwa mzito kuliko kwingine. Chagueni mahali penu ninyi, pembeni, mtaa mmoja au miwili kutoka kwenye uwanja mkuu, penye taa na alama isiyohamishika, na pasifungwe usiku. Sheria iwe moja: ukipotea, usitafute. Nenda pale kila saa inapotimia kamili, subiri dakika kumi. Wote wanane walijue hilo kwa kichwa, na kila mmoja awe na namba mbili za wenzake zilizoandikwa kwenye karatasi.

Sasa naomba unisome kwa utulivu, kwa kuwa hili ni zito kuliko bili na kuchelewa. Umesema huwa mnasubiri fataki. Usiku wa tarehe 31 Desemba 2014, watu 36 walikufa Shanghai, wengi wao vijana waliotoka kuukaribisha mwaka kando ya mto, pale waliokuwa wakipanda ngazi na waliokuwa wakishuka walipokutana katikati. Tarehe 29 Oktoba 2022 mjini Seoul, eneo la Itaewon, zaidi ya watu 150 walikufa katika uchochoro wenye mteremko, upana wake kama mita tatu, wakiwa wametoka kusherehekea na marafiki. Katika misiba ya namna hii wengi hawafi kwa kukanyagwa. Wanakufa kwa kukosa pumzi, mara nyingine wakiwa wamesimama, kwa sababu kifua kimebanwa pande zote hakiwezi kupanuka.

Dalili inakuja mapema na mnaweza kuisoma. Mkiwa watu wawili au watatu kwenye mita moja ya mraba mnapita bila shida. Mkifika wanne au watano mnagusana na hamchagui tena njia. Zaidi ya hapo mtu anasukumwa na mawimbi yanayotoka mbali, bila yeyote aliye karibu yake kukusudia. Kipimo chako kiwe hiki: ukishindwa kuinua mikono hadi usoni bila kumgusa mtu, umeshachelewa kidogo, ondoka sasa wakati bado unaweza. Msiingie njia nyembamba, daraja au ngazi zenye watu wa pande mbili. Mnapofika uwanjani, kabla ya kutafuta pa kuonea vizuri, angalieni pa kutokea, na njia ziwe mbili au zaidi. Simameni pembezoni mwa eneo la wazi. Fataki zinapaa juu, zinaonekana vizuri ukiwa mbali.

Ikitokea umebanwa, kunja mikono mbele ya kifua kama bondia anayejikinga, ulinde nafasi ya kupumua. Usiinamie simu iliyoanguka, hata iwe ya bei gani. Usisukume kurudi nyuma dhidi ya wimbi. Liache likubebe, na linapopumzika sogea kwa mshazari kuelekea ukingoni. Baki kwa miguu yako, na akianguka mtu jirani mwinue mara moja. Usipige kelele bila sababu, hifadhi pumzi. Waeleze wenzako haya siku moja kabla, kwa dakika tano, mkiwa mmekaa. Watakaokuona unazidisha, wavumilie tu.

Kigingi cha nne ni mwisho. Mwaka 1993 mwanasaikolojia Daniel Kahneman na wenzake waliwatumbukiza watu mkono kwenye maji ya nyuzijoto 14 kwa sekunde 60. Mara nyingine ilikuwa sekunde 60 zile zile, zikafuatwa na 30 za nyongeza ambapo maji yaliongezwa joto polepole hadi nyuzi 15, bado yakiuma. Walipoulizwa ni jaribio lipi warudie, wengi walichagua lile refu. Liliuma kwa muda mrefu zaidi, lakini liliishia pazuri kidogo. Kumbukumbu hushika kilele na mwisho, urefu wa siku hauna uzito mkubwa. Kwa ulivyosimulia, kilichobaki akilini mwenu kuhusu mwaka jana ni bili na mtu aliyenuna. Mwaka huu kula kuwe katikati ya siku, fataki ziwe kilele, na baada ya fataki msikimbilie usafiri pamoja na mji mzima. Nendeni pale pembeni mlipopachagua, mketi dakika arobaini mkiongea huku umati ukipungua, ndipo mwondoke. Hakikisha unajua usafiri wa mwisho unaondoka saa ngapi, kwani ratiba za sikukuu hubadilika, na nani anarudi na nani.

Picha: pigeni za pamoja mbili tatu mwanzoni, mteueni mtu mmoja wa kupiga nyingine, simu zilizobaki zikae mfukoni zihifadhi chaji.

Nawe usipange peke yako. Umeshapiga simu saba na kukusanya majibu, hiyo ndiyo kazi yako na imetosha. Mwingine ashike mfuko, mwingine ashike saa, wawili waongoze makundi, na mmoja awe wa kuhesabu watu kila mnapokutana na kuhakikisha kila mtu ametuma neno moja, "nimefika", kabla ya kulala. Mwaka ujao zamu ya kupiga simu ihamie kwa mwingine, na mkubaliane jina lake siku hiyo hiyo mkiwa bado mmeketi pamoja.